Kwanini "ombaomba" ni tusi lakini "fakiri" linasikika kama cheo? Tujadili maneno ya waombaji kwenye lugha zetu na za wenzetu

#1 Mjukuu wa Bi Mwana
Wadau salaam. Kuna jambo linanizunguka kichwani toka Ijumaa. Nilikuwa Kariakoo na mpwa wangu wa darasa la tano, tukapishana na akina mama wawili na kipofu mmoja wanapita duka kwa duka, dogo akasema kwa sauti "anko ona ombaomba wale". Nikashtuka, maana neno hilo hilo lilinipa kofi miaka ya themanini mwishoni nikiwa kwa bibi Pangani.

Iko hivi. Kila Ijumaa asubuhi alikuwa anakuja mzee mmoja kipofu, anashikwa mkono na kijana. Hagongi mlango. Anasimama chini ya baraza anasema mara moja tu, "Maskini wa Mungu nimefika", kisha ananyamaza. Bibi anatoka na kikopo cha maziwa ya unga kimejaa mchele mpaka kinafanya kilima juu, anammiminia kwenye mfuko wa merikani. Siku moja nikamuona mimi kwanza, nikaingia ndani mbio napiga kelele "Bibi, ombaomba kaja!" Kofi lililotua sijalisahau. Akaniambia yule si ombaomba, kaja kuchukua haki yake.

Swali langu: hawa watu ni wale wale, mkono ni ule ule, kwanini maneno yako mengi na kila moja na uzito wake? Maskini, fakiri, fukara, mwombaji, ombaomba. Na lugha nyingine wanafanyaje? Karibuni.

#2 Fundi Saa
Uzi mzuri. Jibu langu jepesi: ukirudia kitenzi unakishusha hadhi. Piga na pigapiga, sema na semasema, tanga na tangatanga. Mwombaji anaomba, ombaomba anaomba tena na tena mpaka inakuwa ndo tabia yake. Tusi liko kwenye kule kurudia, kwenye kuomba kwenyewe hamna kitu.

#3 Ustadhi Mtulivu
Mkuu #1, bibi yako alikuwa anajua anachosema. "Haki" ameitoa kwenye Kurani, Sura ya 51 aya ya 19, kwamba kwenye mali za wachamungu imo haki ya mwenye kuomba na ya aliyenyimwa. Yaani kile kikopo cha mchele kwa hesabu ya bibi hakikuwa chake toka mwanzo.

Sasa kuhusu fakiri na maskini, mafakihi wamebishana karne nyingi nani kati yao ana hali mbaya zaidi. Aya ya zakati (9:60) imewataja wote wawili, mafakiri kisha maskini, kwahiyo lazima wawe tofauti. Imamu Shafii akasema fakiri ndo hoi zaidi, kwasababu kwenye kisa cha Musa na Khidhri (18:79) kuna maskini wenye jahazi wanafanya kazi baharini, sasa mtu mwenye jahazi si ana kitu? Abu Hanifa akasema hapana, maskini ndo hoi zaidi, akaleta aya ya 90:16 inayomtaja maskini aliyelala mavumbini. Pwani yetu ni Shafii, kwahiyo hata Kiswahili kimefuata: mtu akiitwa fukara ujue ameshapita umaskini.

#4 Nyawira wa Nyeri
Asante @Ustadhi. Naongezea kutoka kwetu. Kikuyu kitenzi ni *kũhoya*, na ni kimoja tu: unahoya Ngai, ndio kusali, na unahoya mtu kitu, ndio kuomba. Aombaye ni *mũhoi*, wengi ni *ahoi*. Lakini zamani mũhoi hakuwa mtu wa kukaa kando ya barabara. Ni mtu aliyeenda kwa mwenye ardhi akaomba kipande cha kulima, akapewa, akaishi hapo kwa heshima na familia yake bila kulipa kodi. Hakuwa mwenye shamba, lakini hakudharauliwa pia. Ilipoingia serikali ya mkoloni na hati za mashamba, ahoi wengi wakajikuta hawana chochote, kwasababu makubaliano yao yalikuwa ya mdomo. Cucu (bibi) wangu alizaliwa familia ya ahoi. Nikisikia mtu anatumia neno hilo kama matusi inaniuma kweli, maana najua lilianza likiwa makubaliano kati ya watu wawili wanaoaminiana.

#5 Mswahili Hamburg
Nyawira umenifungua macho, na Fundi Saa ngoja nikupe zawadi. Kijerumani kuomba ni *bitten*, kusali ni *beten*, kuomba barabarani ni *betteln*. Ile -eln mwishoni kazi yake mara nyingi ni kuonyesha kitendo kinachorudiwarudiwa. Kwahiyo *betteln* ni "ombaomba" kabisa, wao wameweka mkia sisi tumerudia neno zima. Miaka kumi na moja niko huku napishana na neno *Bettler* kila siku sijawahi kuliona hivyo mpaka leo nasoma huu uzi.

#6 Kigali Mwema
Na huku hivyo hivyo! *Gusaba* ni kuomba, neno la heshima kabisa, hata siku ya kuposa tunaiita gusaba, familia ya kijana inaomba mchumba mbele za watu. Ukirefusha unapata *gusabiriza*, hapo sasa ni kuomba barabarani, na mwenye kufanya hivyo ni *umusabirizi*. Kiganda pia ni okusaba na okusabiriza.

Ila Nyawira, usiseme Wabantu wote wamechanganya kusali na kuomba. Sisi kusali ni *gusenga*, neno jingine kabisa.

#7 Nyawira wa Nyeri
@Kigali Mwema sikusema wote 😄 nilisema kwetu. Lakini Kiganda si wanatumia okusaba hata kwa Mungu?

#8 Kigali Mwema
Hapo umenibana. Ndiyo, Waganda wanasaba Katonda. Hata sisi mtu anaweza kusema anasaba Imana kitu fulani. Lakini kwenda kanisani ni gusenga, hapo sirudi nyuma.

#9 Kalamu Nyeusi
Wakati mnabishana mimi niwape la *maskini* maana limesafiri kuliko mabaharia wote wa Pwani. Kiarabu *miskin*, wenyewe wanaliunganisha na *sakana*, kutulia, yaani mtu ambaye shida imemtuliza pale pale hawezi kunyanyuka. Lakini neno ni kuukuu kuliko hapo. Kwenye sheria za Hammurabi kule Babeli, karibu miaka 1750 kabla ya Kristo, kuna tabaka linaitwa *mushkenum*, liko chini ya muungwana na juu ya mtumwa. Ukimtoboa jicho muungwana na lako linatobolewa, ukimtoboa mushkenum unalipa mina moja (kipimo cha uzito) ya fedha imeisha. Wataalamu wa Kiakadi, lugha ya Babeli ya zamani, wanalitoa kwenye kitenzi cha kusujudu, mtu anayeinama mbele ya mkubwa.

Kisha likavuka bahari. Waitaliano wana *meschino*, Wahispania *mezquino*, Wafaransa *mesquin*. Na huko Ufaransa na Hispania maana yake sasa hivi ni mtu bahili, mwenye roho ndogo! Waturuki *miskin* yao wanamwita hata mtu mvivu mzembe. Wamalay na Waindonesia wao wamebaki na sisi, kwao miskin ni asiye na kitu. Ona hiyo safari, neno la mnyimwa limeishia kuwa jina la mnyimi.

#10 Ustadhi Mtulivu
Maashallah @Kalamu. Ila hilo la Babeli haliondoi la sakana. Neno likishaingia kwenye lugha linaota mizizi mipya, na Mwarabu wa leo akisikia miskin anasikia utulivu, hasikii kusujudu.

#11 Kalamu Nyeusi
Ustadhi, anachosikia mtu leo na lilikotoka neno ni vitu viwili tofauti. Tutabishana tukikutana kwenye kahawa.

#12 Baharia wa Muscat
Niko huku Ghuba mwaka wa tisa. Magazetini ombaomba ni *mutasawwil*, Wamisri mtaani wanasema *shahhat*, Wakuwaiti na watu wa Imarati wanasema *tarrar*. Lakini kwenye Kurani ni *sail*, muulizaji tu: "na mwenye kuomba usimkaripie" (93:10).

Sasa ndugu zangu hebu tusikilize lugha yetu. Saili. Suali. USAILI. Vijana wanavyopanga foleni na bahasha ya kaki kwenda kwenye usaili wa kazi, mzizi ni ule ule wa yule kipofu wa Pangani. Na wanaandika barua ya MAOMBI. Mimi mwenyewe nilipeleka bahasha kama hizo kwenye ofisi zaidi ya ishirini kabla sijapanda ndege, na kuna sehemu mlinzi wa getini alinifukuza kwa maneno ambayo mwombaji wa msikitini haambiwi.

#13 bintiTanga
@Baharia hiyo ya usaili imenikaa moyoni. Pole sana.

#14 Makole Dom
Nimesoma kimya kimya nikisubiri mtu ataje Matonya na ataje Wagogo, maana kila mada ya ombaomba Tanzania hufika huko. Bora niseme mwenyewe kabla hamjasema.

Yule mzee aliyekuwa analala chali Dar mkono juu miaka ya tisini, jina lake likageuzwa neno, mpaka leo watu wanaitana matonya. Kwetu Matonya ni jina la kawaida, tena zuri, *kutonya* ni mvua kunyesha, ni ndugu wa hilo tone lenu la Kiswahili. Kwenye nchi kavu kama Ugogo, mtu kupewa jina la mvua ni baraka. Fikirieni jina la baraka limeishia wapi.

Na hiyo sifa ya kuomba ina historia. Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani halafu Waingereza walichukua nafaka na ng'ombe wa Ugogo kulisha majeshi, wakachukua na wanaume kuwa wapagazi, kisha mvua ikakata. Njaa ya 1917 mpaka 1920 wazee wanaiita *Mtunya*. Watu walikufa kwa maelfu, wengine wakatoka kwenda kutafuta chakula. Kiswahili kina neno lake hilo, KUHEMEA, na kuhemea siyo kuombaomba. Anayehemea ana kwao na ana kikapu, mvua ikinyesha anarudi kulima. Babu yangu mzaa baba alibebwa mgongoni kwenda kuhemea. Alikuwa hapendi kabisa chakula kibaki kwenye sahani, anakusanya punje kwa kidole moja moja.

#15 Fundi Saa
Makole Dom, nashukuru kwa hili. Kuhemea nilikuwa nalijua kama kwenda sokoni kununua mahitaji, kumbe lina njaa ndani yake.

#16 Mutoto ya Lushi
Jambo bandugu. Huku kwetu Lubumbashi, na Kinshasa pia, batoto ba barabarani banawaita *shege*, bengine banaandika shegue. Asili yake kila mutu na yake. Kuna benye banasema ni Che Guevara, bamelikata kwa kifupi. Kuna benye banasema ni Schengen, ile ya viza ya Ulaya, juu bale batoto banaingia mahali popote bila karatasi. Bengine tena banasema ni neno la Kihausa lililoletwa na bachuuzi. Miye nilikuwa naamini Che Guevara, juu mutoto wa barabarani anajiona mwanajeshi. Goma na Bukavu hausikii sana shege, kule ni *maibobo*.

#17 Kigali Mwema
Maibobo mpaka huku Rwanda, *mayibobo*.

#18 Nyawira wa Nyeri
Kenya ni chokora. Hilo mnajua lilikotoka? Mwalimu wangu alisema ni kitenzi chetu, kuchokora, yaani kuchimbuachimbua na kijiti, kwasababu watoto wanachokora mapipa ya taka.

#19 Kalamu Nyeusi
Mwalimu kasema kitu kinachoingia akilini, lakini Wahindi wana *chokra*, kijana wa kiume, na Wazungu wa makoloni walilitumia kumwita boi wa nyumbani. Kwenye kamusi za zamani za Kiswahili chokora yupo kama kijana wa kazi za jikoni, kabla ya hizo taka za mjini. Mimi naona lilikuja kwa Wahindi.

#20 bintiTanga
Na kwanini lisiwe yote mawili? Limekuja la Kihindi likakuta kitenzi chetu kimekaa tayari, wakaoana. Mbona maneno mengi ya Pwani ndivyo yalivyo.

#21 Kalamu Nyeusi
Leo mmeamua kuoanisha kila kitu 😄

#22 Mwalimu wa Historia (mstaafu)
Vijana mmejitahidi. Niongeze upande wa walioacha mali kwa ajili ya dini, maana #1 aliuliza fakiri.

Wasufi waliligeuza neno fakiri. Kwao fakiri ni mhitaji wa Mungu, hivyo mwenye elimu kubwa anajiita hivyo kwa unyenyekevu. Mkifungua miswada ya zamani ya Kiislamu mtaona mnakili ameandika "al-fakiri" kabla ya jina lake, hata kama alikuwa na nyumba ya ghorofa. *Darweshi* vile vile, la Kiajemi, maana yake maskini. Wengi hulieleza kwa neno *dar*, mlango, yaani mwenda mlango kwa mlango, lakini Kiajemi cha kale kinaonyesha mzizi wake ni wa umaskini tu. Sudani Waingereza waliwaita wapiganaji wa Mahdi, kiongozi wa dini aliyepigana nao, madarweshi, ilhali Mahdi mwenyewe alitaka waitwe Ansari. Somalia ikawa kinyume, Sayyid Mohamed Abdullah Hassan akalichukua mwenyewe, *Daraawiish*, wakapigana na Waingereza kuanzia 1899 hadi 1920 walipopigwa mabomu ya ndege. Neno la mwombaji likawa jina la jeshi.

Na si Afrika tu. Mwaka 1566 waungwana wa Uholanzi walipeleka malalamiko kwa mtawala wao, mshauri mmoja akawacheka kwa Kifaransa kuwa ni *gueux*, ombaomba. Wakalishika wakajiita hivyo. Mwaka 1572 "ombaomba wa baharini" wakauteka mji wa Brielle.

Upande wa Ubudha, *bhikkhu*, mtawa, ni mwombaji kabisa kwa maana ya neno. Kihindi *bhikhari* wa barabarani ni wa mzizi huo huo, mmoja anapigiwa magoti na mwingine anafukuzwa dukani. Wajapani wana herufi mbili za kuomba chakula, zamani ilikuwa desturi ya watawa kupita na bakuli, leo zikisomwa *kojiki* ni tusi.

#23 Mswahili Hamburg
Mwalimu, heshima. Mafratri wa Kifransisko je, si ndo mashirika ya waombaji?

#24 Mwalimu wa Historia (mstaafu)
Ndiyo, wanaanzia 1209, wakafuatia Wadominiko 1216. Walikatazwa kumiliki. Wakapuchini waliokuja Dar es Salaam 1921 ni tawi la hao. Kilatini chenyewe *mendicus* kimetoka kwenye neno la kilema, kasoro ya mwili. Kwahiyo Ulaya mwombaji wa kwanza kupewa jina alikuwa mlemavu, baadaye watawa wazima wa mwili wakalivaa jina lake kwa hiari.

#25 Ustadhi Mtulivu
Na fakiri Waarabu wanaliunganisha na *fakra*, pingili ya uti wa mgongo. Aliyevunjika mgongo. Mwalimu umeona? Wamefika pale pale.

#26 bintiTanga
Niliishi Addis Ababa miaka miwili. Mwombaji wa kawaida ni *lemagn*, anaomba kwa jina la Maria, "sile Maryam". Kuna pia wanafunzi wa shule za kanisa, *yekolo temari*, wanatoka na mfuko kuomba chakula huku wanasoma, na huko hakuna anayewacheka.

Lakini walionishangaza ni *Lalibela*. Wanakuja kabla hakujapambazuka, mume na mke, wamejifunika gubigubi, wanasimama getini wanaimba. Sauti ya mwanaume inapanda, ya mwanamke inaikokota chini yake. Jirani yangu aliniambia ni wa ukoo, na kwamba wakiacha kuimba ukoma utawashika, ndo imani inayosemwa juu yao. Wanaimba wakikusifia kwa jina, maana wameshauliza kwa majirani unaitwaje. Mara ya kwanza nilikaa kitandani nimejiviringisha shuka nasikia jina langu linaimbwa gizani na watu nisiowajua. Nilitoka na hela nikiwa pekupeku.

#27 Baharia wa Muscat
Nimesisimka. Wasenegali wana Baye Fall wa tarika ya Murid, nao wanapita na kibuyu. Na Wahausa *almajiri*, kutoka Kiarabu *al-muhajir*, mhamaji, ni watoto wa madrasa walioacha kwao kutafuta elimu. Leo Nigeria ukisema almajiri watu wanaona mtoto na bakuli tu, elimu imesahaulika.

#28 Fundi Saa
Naona kuna maelezo manne hapa. Kurudia kitenzi (langu), mwili uliovunjika (Ustadhi na Mwalimu), kusali na kuomba kuwa kitu kimoja (Nyawira), na kuhama (almajiri, kuhemea). Bado nasimama na langu.

#29 Makole Dom
Simama nalo mkuu, ila sheria haikurudia kitenzi. Kanuni ya Adhabu yetu vifungu vya 176 na 177 wanazungumzia wazembe na wazururaji, maneno yaliyotoka moja kwa moja kwenye sheria ya Uingereza ya 1824. Ukikamatwa huulizwi kama wewe ni maskini, fakiri au unahemea.

#30 Mjukuu wa Bi Mwana
Wadau asanteni, sikutegemea uzi ufike hapa. Nimempigia shangazi Pangani jana usiku nikamuuliza habari za yule mzee.

Kasema bibi alikuwa anamwita "mgeni" tu, kamwe hakumwita kitu kingine. Kile kikopo kilikaa peke yake juu ya kabati, hakuna aliyeruhusiwa kupimia unga wala kuchotea maji. Mzee alipoacha kuja hawakuambiwa kama amefariki au amehama. Bibi akaendelea kupima kila Ijumaa, anamimina kwenye debe, likijaa anapeleka madrasa, mpaka na yeye akaondoka. Shangazi anacho kikopo mpaka leo, kina kutu pembeni.

Nikamuuliza yule mzee mwenyewe alikuwa anajiitaje akiwa na wenzake. Kacheka akasema, "Kwani ulishawahi kumuuliza jina?"

#31 Mutoto ya Lushi
Shangazi amekujibu muzuri.

#32 Nyawira wa Nyeri
Kuna mtu hapa anajua Kimakonde au Kiyao? Wanasemaje kwao?